Pikipiki ya Kabureta Isiyotulia Sailensa: Jinsi ya Kutafuta Chanzo na Kurekebisha

Pikipiki ya zamani yenye kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na petroli kabla ya kuingia kwenye injini) inaweza kutoka Sikonge hadi Tabora mjini bila kukwama hata mara moja, kisha ikaanza kutetemeka, kumisi na kuzima mara tu dereva anapoachia mkono wa mafuta ili kushusha abiria, yaani inapobaki sailensa, mngurumo wa chini wa injini ikiwa mkono wa mafuta haujavutwa. Wenye pikipiki wengi hulichukulia jambo hili kuwa ni uzee wa injini na huishi nalo kwa kuushikilia mkono wa mafuta kila wanaposimama. Mazoea hayo hula petroli na kuipasha injini moto bure, na hatari yake kubwa zaidi ni kwamba mkono wa kulia unaopaswa kuwa kwenye breki ya mbele huwa umeshughulishwa na kazi nyingine.

Maelezo yanayofuata yanategemea Honda CG125 na jamaa zake. Injini hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1976, ikanakiliwa na viwanda vingi vya China, na muundo wake ndio uliomo katika sehemu kubwa ya pikipiki zinazobeba abiria, magunia ya mkaa na madumu ya asali katika barabara za Uyui, Sikonge na Urambo. Mwenye pikipiki ya aina nyingine atumie utaratibu huu huu lakini achukue vipimo kwenye kitabu cha pikipiki yake, na mwenye Yamaha AG100 au injini nyingine isiyo na valvu aruke sehemu ya tapeti, yaani ya kupima mwanya wa valvu.

Kabureta ina skrubu mbili za nje, moja ya kupandisha na kushusha sailensa na nyingine ya kurekebisha mchanganyiko wa hewa na petroli. Kijiweni ndizo huguswa kwanza, kwa sababu zinaonekana na bisibisi iko karibu. Katika mwongozo huu ndizo zinazoguswa mwisho. Skrubu hizo hazina uwezo wa kuzibua jeti (kitundu kinachopimia petroli ndani ya kabureta), kuziba mwanya wa hewa wala kulegeza valvu iliyobana, na ukizizungusha kabla ya kujua chanzo unapoteza kipimo kilichokuwa sahihi na kuongeza tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Njia ya petroli wakati wa sailensa

Mkono wa mafuta ukivutwa, pistoni ya kabureta huinuka na injini hulishwa kwa kiasi kikubwa na jeti kubwa. Mkono ukiachiwa, pistoni hiyo hushuka hadi ikabakiza mwanya mwembamba tu, na petroli yote inayohitajika hupita kwenye jeti ndogo ya sailensa na kutokea katika kitundu kilicho upande wa injini. Katika kabureta nyingi za Keihin za ukubwa huu, pamoja na nakala zake, jeti hiyo huwa namba 35 au 38, yaani tundu lake lina upana unaokaribia milimita 0.35 au 0.38, ilhali tundu la jeti kubwa hukaribia milimita moja. Uchafu unaopita kwenye jeti kubwa bila kugusa ukuta unatosha kabisa kuiziba hii ndogo.

Kutokana na hilo, pikipiki inayokimbia vizuri lakini isiyotulia ikisimama inakuelekeza kwenye njia ya jeti ndogo, kwenye hewa inayoingia pasipostahili, au kwenye valvu. Vilevile, kuhamisha klipu ya sindano ya kabureta au kubadilisha jeti kubwa ili kutibu sailensa ni kazi isiyo na faida, kwa kuwa sehemu hizo huanza kuamua mambo baada ya pistoni kuinuka.

Sikiliza kabla ya kushika spana

Washa pikipiki ikiwa imepoa kabisa, ikiwezekana asubuhi, na uiangalie kuanzia hapo hadi ipate joto. Ikiwa inatulia choki (kifaa cha kuzidishia petroli injini ikiwa baridi) ikiwa imevutwa lakini inazima choki inaporudishwa, injini ina njaa ya petroli: jeti ya sailensa imeziba au kuna hewa ya ziada inayoingia baada ya kabureta. Ikiwa mngurumo unabaki juu baada ya kuachia mkono wa mafuta na kushuka polepole sana, shuku hewa ya ziada, au kebo iliyokaza, au pistoni ya kabureta inayokwama.

Mngurumo mzito unaoambatana na moshi mweusi na harufu ya petroli mbichi, ambao huwa mbaya zaidi injini ikipata joto, ni dalili ya petroli kuzidi. Hapo watuhumiwa ni choki isiyofunguka yote, boya la ndani ya kabureta lisilofunga petroli kwa wakati, au chujio la hewa lililojaa vumbi.

Pikipiki inayotulia vizuri ikiwa baridi, kisha ikaanza kuzima baada ya safari ndefu na kuwa ngumu kuwaka tena hadi ipoe, mara nyingi ina valvu zilizobana, na mara chache huwa ni koili ya umeme wa cheche inayochoka kwa joto. Ile inayomisi ovyo bila mpangilio wowote, ikiwa baridi au ikiwa na joto, ianze kuangaliwa upande wa plagi. Hatimaye kuna ile inayozima baada ya kilomita kadhaa, na ukifungua kifuniko cha tangi unasikia hewa ikivutwa ndani. Hiyo haina ugonjwa wa sailensa hata kidogo. Tundu la kupumulia la kifuniko limeziba, na likizibuliwa safari inaendelea.

Angalia pia kama mngurumo unapanda unapogeuza usukani kushoto na kulia. Ukipanda, kebo ya mafuta ni fupi au imepitishwa vibaya, na hakuna haja ya kufungua chochote kingine kabla ya kuirekebisha. Mkono wa mafuta unapaswa kuwa na mlegeo wa milimita 2 hadi 6 kabla haujaanza kuvuta.

Petroli iliyomo

Fanya kazi yote ya petroli nje, mbali na jiko la mkaa, sigara na cheche za kuchomelea, na usinyonye petroli kwa mdomo kupitia mpira.

Funga koki ya petroli iliyo chini ya tangi, weka gilasi safi inayoonyesha ndani chini ya kabureta, kisha legeza skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli la kabureta ili petroli yote ishukie kwenye gilasi. Iache itulie kwa dakika kadhaa. Maji, kama yamo, hujikusanya chini kama shanga na hukimbiakimbia ukiinamisha gilasi, na kutu ya tangi huonekana ikiwa vumbi jekundu juu ya kitako. Petroli inayouzwa kwa chupa vijijini hupitia madumu na mirija mingi kabla ya kukufikia, na wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, si ajabu ikaingia na maji. Kama unashuku imechakachuliwa kwa mafuta ya taa, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka upesi bila kuacha doa, lakini mafuta ya taa huacha alama ya ulainilaini inayokawia kuondoka. Petroli ya namna hiyo imwagwe yote, kwa sababu hakuna marekebisho ya kabureta yatakayoifanya iwake ipasavyo katika mwendo mdogo.

Ukiwa hapo chini, kagua mirija miembamba ya mpira inayoning'inia kutoka kwenye kabureta. Mmoja ni wa kumwaga petroli iliyozidi na mwingine ni wa kupumulia. Katika miji na vijiji vya Unyamwezi nyigu wa udongo hupenda mashimo ya namna hii, hasa pikipiki ikiwa imeegeshwa muda mrefu, na huuziba mrija kwa tope gumu. Bakuli lisilopumua halijai sawasawa, na mwenye pikipiki anaweza kusafisha jeti mara nyingi asione nafuu yoyote. Chomoa mirija hiyo, ipulize, na uirudishe.

Chujio la hewa

Sponji ioshwe kwa maji ya sabuni, ikamuliwe bila kusokotwa, ikauke kivulini, kisha ipakwe oili kidogo ya injini na kukamuliwa tena hadi ibaki na unyevu tu. Chujio la karatasi likungutwe, na likiwa jeusi au limelowa oili libadilishwe. Wapo wanaoliondoa kabisa wakidai injini inapumua vizuri zaidi. Kwa vumbi la barabara za huku kiangazi, huo ni uamuzi wa kununua pistoni na ringi mpya kabla ya wakati wake, na bado sailensa huharibika kwa sababu kabureta ilipimwa ikiwa na chujio mbele yake.

Plagi na waya wake

Futa vumbi kuzunguka plagi kabla ya kuifungua ili lisidondokee ndani ya silinda. Rangi ya kahawia iliyofifia kwenye ncha ni nzuri, masizi meusi makavu yanaonyesha petroli nyingi, weupe wa chokaa unaonyesha petroli chache au hewa ya ziada, na weusi wenye mafuta ya kung'aa ni oili inayopita kwenye ringi au kwenye mihuri ya valvu. Rangi hii huaminika tu ikiwa injini imetoka kuunguruma sailensa kwa dakika chache kisha ikazimwa, kwa kuwa ukiisoma baada ya mwendo wa kasi unasoma habari za jeti kubwa.

Mwanya wa plagi uwe milimita 0.6 hadi 0.7. Plagi ya CG125 kwa kawaida ni NGK D8EA au inayolingana nayo, na bei yake ni ndogo kiasi kwamba yenye ncha iliyolika haifai kuhangaikiwa na msasa. Kifungue kifuniko cha plagi kwa kukizungusha kutoka kwenye waya. Ukikuta ncha ya waya ina ukijani au imelegea, kata milimita 5 hivi na ukirudishe kwa kukizungusha hadi kikaze. Pikipiki kuukuu zaidi zenye platini (swichi ndogo ya kukata umeme wa cheche) badala ya sidiai (CDI, mfumo wa kielektroniki wa cheche) zikaguliwe nyuso za platini, ambazo zinapaswa kuwa safi na zenye mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.4 zinapokuwa zimefunguka kabisa. Plagi mpya ifungwe kwa vidole hadi iguse, kisha iongezwe nusu mzunguko kwa spana, basi.

Hewa inayoingia pasipostahili

Sehemu hii ndiyo husahaulika kuliko zote, na kwa pikipiki ambayo kabureta yake imeshafunguliwa na mikono mingi, ningeitilia shaka kabla ya jeti. Kati ya kabureta na silinda kuna manifoldi (bomba fupi la kuingizia hewa na petroli), kipande cheusi cha kuzuia joto, na O-ringi (pete ya mpira) au gasketi ya kuzibia kila panapokutana vipande viwili. Wakati wa sailensa, pistoni ya kabureta ikiwa karibu imefunga, injini huvuta kwa nguvu kupitia kila mwanya ulioko hapo. Hewa inayopenya kwenye mwanya mwembamba kama huo ni sehemu kubwa ya hewa yote inayotumika sailensa, ilhali katika mwendo wa kasi inapotea ndani ya hewa nyingi na haisikiki.

Kwa majaribio, changanya maji na sabuni ya unga, yatie kwenye chupa ya kupulizia au bomba la sindano lisilo na sindano, kisha washa injini na uipandishe kidogo ili isizime. Tia mchanganyiko huo kidogo kidogo kwenye kila maungio, ukianzia kabureta inapofungwa upande wa injini na kuelekea kwenye hedi (kichwa cha injini), ukitulia baada ya kila mahali. Pale ambapo povu linanyonywa ndani, au mngurumo unabadilika ghafla, ndipo penye mwanya. Baadhi ya mafundi hutumia petroli kwa jaribio hili. Usifanye hivyo kwa hali yoyote, kwani injini ina joto na cheche ziko karibu.

Mwanya ukipatikana, usikimbilie kukaza nati. Mara nyingi kukaza ndiko kulikouleta. Kabureta hufungwa kwa nati mbili za spana namba 10, na masikio yake ni ya chuma laini. Yakikazwa kupita kiasi huvutwa kuelekea injini huku katikati pakizuiwa na O-ringi, na uso uliokuwa bapa hupinda. Ondoa kabureta, weka ukingo wa rula kutoka sikio moja hadi jingine na uinue kuelekea kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya katikati, uso umepinda, na kadiri fundi anavyokaza ndivyo mwanya unavyozidi kupanuka. Upindaji ukiwa mkubwa hubana hata mwili wa kabureta, na pistoni yake huanza kukwama.

Marekebisho yake hayahitaji mashine. Tafuta kipande cha kioo kinene cha dirisha, kiweke mezani, tandaza juu yake msasa wa maji namba 400 uliolowa, kisha usugue uso wa kabureta kwa mizunguko mipana bila kukandamiza upande mmoja, ukiwa umekwisha kuziba tundu lake kwa kitambaa na kuondoa O-ringi. Endelea hadi alama za msasa zienee uso mzima. Osha kwa petroli safi ili isibaki hata chembe moja ya msasa. O-ringi mpya ikikaa kwenye mfereji wake inapaswa kuchomoza kidogo juu ya uso. Ile ya zamani iliyolalia bapa haizibi kitu. Kagua na kipande cheusi cha kuzuia joto kwa rula ile ile, kwani nacho hupinda na hupasuka. Unapofunga, kaza nati hizo mbili kwa kupokezana, kwa nguvu ya kifundo cha mkono na si ya bega.

Kuhusu gamu ya silikoni, maoni yangu ni kwamba haina nafasi hapa. Silikoni ya kawaida hulainika ikiguswa na petroli, na vipande vyake huvutwa kuelekea kwenye valvu, huku mwanya ukirudi ndani ya muda mfupi.

Tapeti

Injini ya CG125 hupimwa tapeti ikiwa baridi, na mwanya wa valvu zote mbili, ya kuingiza na ya kutolea moshi, ni milimita 0.08. Fungua kifuniko cha roka (mikono midogo inayosukuma valvu) pamoja na plagi, kisha vidirisha vya upande wa magneto (gurudumu la kuzalisha umeme), au kifuniko kizima kwa pikipiki zisizo na vidirisha. Zungusha magneto kinyume cha saa hadi alama ya T ilingane na alama ya kwenye ganda la injini, kisha jaribu kuzitikisa roka kwa vidole. Zote mbili zikiwa na mlegeo mdogo, uko mahali sahihi. Moja ikiwa imekaza kwa sababu valvu yake imefunguka, zungusha tena mzunguko mmoja kamili hadi T irudi.

Ingiza kipimo cha milimita 0.08 kati ya skrubu ya roka na kichwa cha valvu. Kinapaswa kuteleza kwa ukinzani mdogo. Kama hakiingii, au kinaingia kikicheza, legeza nati ya kufungia, rekebisha skrubu, ishikilie isigeuke huku ukikaza nati, kisha upime tena, kwa kuwa kukaza nati mara nyingi hubadilisha kipimo.

Madereva huogopa tapeti zinazogonga na hufurahia injini iliyo kimya. Kwa injini iliyotumika miaka mingi ningeuogopa ukimya huo. Valvu inavyolika kwenye kiti chake huzama, mwanya hupungua badala ya kuongezeka, na hatimaye valvu haifungi kabisa injini ikipata moto. Kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda, huvuja, sailensa hufa, na valvu ya kutolea moshi huungua ukingo kwa kuwa haipati nafasi ya kupoa kwenye kiti chake. Mlio mdogo wa tapeti haujaharibu injini ya mtu.

Kusafisha kabureta

Ikiwa yote yaliyotangulia yako sawa na dalili zinaonyesha njaa ya petroli au petroli kuzidi, sasa kabureta ifunguliwe. Funga koki, mwaga petroli iliyomo, fungua kifuniko cha juu, toa pistoni ikiwa imening'inia kwenye kebo yake na uifunge kwa kitambaa safi. Tandaza kitambaa cheupe ndani ya sinia kabla ya kugusa skrubu yoyote, maana springi ya skrubu ya mchanganyiko ikiruka kwenye mchanga haipatikani. Piga picha kwa simu katika kila hatua.

Kabla ya kuitoa skrubu ya mchanganyiko, ifunge polepole hadi iguse chini ukihesabu mizunguko, na uandike idadi hiyo. Usiikandamize, kwa sababu ncha yake nyembamba huchonga kiti chake na uharibifu huo hautengenezeki. Itoe pamoja na springi, na kwa zile zilizo upande wa injini, toa pia washa ndogo na O-ringi iliyo ndani kabisa, ambayo mara nyingi hubaki shimoni na kusahauliwa.

Fungua bakuli, chomoa pini inayoshikilia boya, na utoe boya na sindano yake. Kisha fungua jeti ya sailensa kwa bisibisi bapa inayojaza mfereji wake wote, la sivyo kichwa cha shaba kitaliwa. Katika baadhi ya kabureta za bei nafuu jeti hii imepigiliwa na haitoki. Hiyo itabidi isafishwe ikiwa mahali pake.

Inue jeti kuelekea angani, si kwenye jua lenyewe, na uchungulie. Unapaswa kuona nukta ya mwanga iliyo duara kamili. Nukta iliyo nusu, yenye kona, au yenye ukungu wa rangi ya asali ni jeti iliyoziba. Ukungu huo ni utomvu wa petroli iliyokauka, na ndio hupatikana katika pikipiki iliyoachwa imesimama tangu mwanzo wa msimu wa kilimo hadi baada ya mavuno. Iloweke jeti katika petroli safi au dawa ya kusafishia kabureta, kisha pitisha unyuzi mmoja wa shaba uliotolewa kwenye waya laini wa umeme. Shaba laini haikwaruzi. Sindano ya kushonea, pini na waya wa breki ya baiskeli hupanua tundu, na jeti iliyopanuliwa haitatulia tena hata ikiwa safi.

Jeti ikishang'aa, bado kazi iko nusu, kwa sababu njia zilizochimbwa ndani ya mwili wa kabureta nazo huziba. Ukiwa umeondoa vipande vyote vya mpira, pulizia dawa au petroli kwa bomba la sindano kwenye shimo la jeti ya sailensa na uone inatokea wapi. Inapaswa kutoka kwenye shimo la skrubu ya mchanganyiko na kwenye vitundu vidogo ndani ya koo la kabureta, upande wa injini. Fuata kwa upepo wa kompresa ya wajaza matairi au pampu ya baiskeli, macho yakiwa yamekingwa. Rudia hadi kila kitundu kitoe upepo waziwazi.

Angalia ncha ya sindano ya boya. Ikiwa na mfereji wa duara uliochimbika, haizibi petroli na ibadilishwe. Tikisa boya karibu na sikio. Ukisikia petroli ndani, limetoboka. Urefu wake upimwe kwa kufuata kitabu cha kabureta hiyo, na ulimi wa chuma upindwe kidogo sana pale tu inapohitajika. Wakati wa kurudisha pistoni, mkato ulio chini yake uelekee kwenye chujio la hewa na mfereji wa ubavuni uingie kwenye pini yake. Ikigeuzwa haitashuka, na pikipiki itawaka kwa kishindo ikiwa imevuta mafuta yote.

Ushauri wa "Nunua mpya tu, bosi, hii imekufa" husikika upesi sana kwenye vijiwe. Kabureta halisi ya zamani ambayo uso wake umenyooka na pistoni yake haichezi sana huweza kusafishwa ikafanya kazi vizuri kuliko nakala mpya ya bei ya chini, ambayo jeti zake hazijulikani zilipimwa na nani. Kununua mpya kuna maana pale ambapo pistoni imelika hadi inagongagonga ndani ya nyumba yake, au kiti cha skrubu ya mchanganyiko kimeharibiwa.

Kurekebisha skrubu mbili

Endesha pikipiki kwa dakika 10 ili injini ipate joto lake la kawaida, na uhakikishe choki imefunguka yote. Skrubu ya mchanganyiko ianzie kwenye idadi uliyoiandika, au mzunguko mmoja na nusu hadi miwili kutoka chini kama hukuikuta mahali sahihi. Pandisha sailensa kidogo kwa skrubu ya pistoni, yaani ile ya sailensa inayoinua pistoni ya kabureta.

Tambua kwanza skrubu yako ya mchanganyiko iko upande gani. Ikiwa karibu na injini, kuilegeza huongeza petroli. Ikiwa karibu na chujio, kuilegeza huongeza hewa na hivyo kupunguza petroli. Asiyejua tofauti hii huzungusha kinyume siku nzima. Igeuze kwa robo mzunguko, subiri mngurumo utulie, kisha robo nyingine, hadi ufike mahali ambapo injini inaunguruma kwa kasi kubwa zaidi na kwa ulaini. Pita kidogo ili usikie ikianza kudhoofika, kisha urudi. Shusha sailensa kwa skrubu ya pistoni hadi mizunguko 1,400 kwa dakika, ikikosea kwa 100 juu au chini, na urudie skrubu ya mchanganyiko mara moja zaidi. Asiyekuwa na kipimo cha mizunguko atafute kiwango cha chini kabisa ambacho injini inabaki laini na haizimi taa ikiwashwa. Vuta mkono wa mafuta kwa ghafla na uuachie. Injini inapaswa kupanda bila kusita na kushuka moja kwa moja hadi mahali pake.

Ikiwa skrubu ya mchanganyiko haileti mabadiliko yoyote hata ikifungwa kabisa, au injini inataka ilegezwe zaidi ya mizunguko mitatu, usilazimishe. Njia ya sailensa bado imeziba au hewa bado inaingia, na inabidi urudi nyuma.

Wapo wanaolaumu mwinuko pikipiki ikitoka Kigoma na kuletwa Tabora. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari na Tabora mjini takriban mita 1,200. Tofauti hiyo hupunguza uzito wa hewa kwa asilimia chache tu, na sehemu ndogo ya mzunguko wa skrubu hutosha kuifidia. Jeti haihitaji kubadilishwa kwa sababu hiyo.

Ikiwa bado haitulii

Kinachobaki ni kompresheni. Injini ikiwa imezimwa na plagi imefungwa, piga kiki taratibu na usikilize ukinzani. Kiki inayoshuka kwa ulaini bila kusukuma mguu inaonyesha uvujaji. Kama una geji ya kompresheni, pima injini ikiwa na joto na mkono wa mafuta ukiwa umevutwa wote, andika kipimo, kisha tia kijiko kimoja cha oili ya injini kupitia tundu la plagi, piga kiki mara kadhaa ili ienee, na upime tena. Kipimo kikipanda waziwazi, oili imeziba kwa muda pale ambapo ringi na silinda zimelika. Kisipopanda, na tapeti umeshazipima, valvu hazikai vizuri kwenye viti vyake, na hedi itahitaji kufunguliwa ili zisagwe au zibadilishwe. Mpe fundi vipimo vyote viwili ulivyoviandika kabla hajaanza kufungua, ili asifungue silinda wakati ugonjwa uko kwenye hedi.